Jinsi ya kukamata kinachokula betri ya gari lililopakiwa: mwongozo kamili

Umepaki Ijumaa jioni, kila kitu kimezimwa. Jumatatu alfajiri unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, stata inagonga tak-tak-tak na kunyamaza. Askari wa geti anaombwa amtafute mwenye waya za kujampu. Gari likishawaka linakaa salama wiki nzima ya kazi, kisha wikendi nyingine mambo yanakuwa yale yale.

Karibu wote wanaoniuliza kuhusu shida hii wamekwisha kupita njia moja. Walinunua betri mpya, nayo ikafa. Halafu wakaazima mita, wakachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, namba zikaruka huku na huku, wakakosa jibu. Fyuzi hazikuwa na kosa. Walipima gari ambalo bado liko macho, yaani kompyuta zake hazijatulia, na kila fyuzi waliyoirudisha ililiamsha upya.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: gari hupimwa likiwa limelala, na ukishalilaza hupimi kwa namna itakayoliamsha. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa ajili ya hilo.

## Vifaa unavyohitaji

- Multimita ya dijitali yenye tundu la ampea 10 za DC, na inayosoma milivolti hadi desimali moja. Zile ndogo za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, zinatosha, mradi zina alama ya 200m upande wa volti za DC.
- Waya mnene wa kama futi moja wenye klipu za meno pande zote mbili. Huu ndio kifaa ambacho wengi hukikosa, na bila huo utahangaika.
- Spana namba 10, bisibisi bapa, tepu ya umeme, tochi na glavu.
- Kibano cha kuchomolea fyuzi. Mara nyingi kimo ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi.
- Chaja ya betri, au fundi wa betri wa karibu atakayekuchajia usiku kucha.
- Karatasi, kalamu na simu yenye kamera.
- Muda wa kama saa tatu bila haraka.

Mimi hufanya kazi hii Jumapili asubuhi. Mwarifu askari wa ploti na jirani wa karibu mapema, kwa sababu alamu inaweza kulia, na mtu aliyeinama kwenye boneti iliyo wazi kwa saa tatu huzua maswali.

## Maonyo kabla ya kushika spana

Vua pete na saa ya chuma. Spana au pete ikigusa tamina (kichwa cha betri) ya chanya na bodi ya gari kwa pamoja, chuma hicho huwa chekundu kwa moto na ngozi yako imo katikati. Usivute sigara karibu: betri inayochajiwa hutoa gesi inayowaka.

Gari likiwa haibridi, kama Aqua au Prius, usiguse nyaya nene za rangi ya machungwa kwa sababu yoyote ile. Kazi yetu ni kwenye betri ndogo ya volti 12 peke yake, ambayo katika Prius nyingi imo kwenye buti na katika Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Nyaya na soketi za manjano za mikoba ya hewa nazo ziache zilivyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha betri yenyewe si mgonjwa

Hakuna maana ya kumsaka mwizi katika nyumba isiyo na mali. Chaji betri hadi ijae kwa chaja. Usitegemee safari ya kwenda mjini na kurudi, kwa maana alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haikuundwa kufufua betri iliyokufa, na foleni ya Mombasa Road ukiwa na taa, feni na redio haiongezi mengi.

Ikishajaa, fungua tamina ya hasi na uache betri bila kuunganishwa usiku kucha. Daima hasi ndiyo hutangulia kufunguliwa na huwa ya mwisho kurudishwa. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu umetengeneza shoti. (Kama redio yako inadai namba ya siri baada ya kukosa umeme, itafute kwanza.)

Asubuhi pima volti:

- 12.6 au zaidi: betri imejaa na inashikilia chaji. Endelea.
- Karibu 12.4: imebaki robo tatu. Kupoteza kiasi hicho bila kitu chochote kuunganishwa ni dalili mbaya.
- 12.2 au chini: betri inajimaliza yenyewe. Ibadilishe, huenda tatizo lako likaishia hapo.

Sasa rudisha tamina, pima volti huku mtu anawasha gari. Wakati stata inazunguka, volti zisishuke chini ya 9.6. Injini ikishanguruma, tegemea kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Jambo moja dogo ambalo hupuuzwa: uchafu juu ya betri. Vumbi la mji huu likichanganyika na asidi na unyevu wa masika, hupitisha umeme. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye tamina ya hasi, nyekundu uitembeze juu ya plastiki ya betri. Ukiona sehemu ya volti hapo, umeme unatambaa juu ya uchafu. Osha kwa maji yenye magadi ya kuokea, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya seli, kisha kausha.

## Hatua ya 2: Tafuta kwa macho na kwa mkono

Kabla ya mita, maliza yale rahisi. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga buti kwa nusu dakika, kisha fungua uitazame. Video ikionyesha mwanga muda wote, taa ya buti haizimiki. Fanya vivyo hivyo kwenye kisanduku cha dashibodi. Usiku zunguka gari kwa nyuma uangalie taa za breki. Swichi ya pedali ikikwama, huwaka hadi asubuhi.

Chomoa chaja ya simu, dashikamu na kila kilichopachikwa kwenye tundu la sigara.

Asubuhi, kabla hujawasha, gusa alteneta na relei (swichi ndogo za umeme) moja moja. Gari lililolala nje usiku wa baridi ya Julai lazima liwe baridi kila mahali. Relei yenye uvuguvugu imekwama ikiwa imewaka. Alteneta yenye joto wakati injini ni baridi kama jiwe inavujisha umeme kupitia diodi zake, vijilango vya umeme vya njia moja. Vidole vimeniokolea saa nyingi kwa namna hii.

## Hatua ya 3: Unganisha mita bila kukata umeme

Hapa ndipo mita nyingi huungua, basi nenda polepole.

Zima gari, toa ufunguo. Fungua boneti. Ikiwa utahitaji kufikia fyuzi za ndani, fungua mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi sukuma ile sehemu ya kufuli inayong'ata nguzo hadi ijifunge. Gari litadhani mlango umefungwa ilhali uko wazi. Magari ya zamani yana kitufe kwenye fremu ya mlango. Hicho kibane kwa tepu. Kufuli ya boneti nayo ifanyie hivyo kama alamu inaitambua.

Onyo: kabla ya kufunga mlango baadaye, vuta mkono wa mlango ili kufuli iachie. Ukisahau ukaubamiza, utaiharibu.

Sasa:

1. Klipu moja ya ule waya mfupi ing'ate tamina ya hasi ya betri, nyingine ing'ate kichwa cha kebo ya hasi.
2. Legeza kebo kwa spana namba 10 na uitoe kwenye betri. Umeme unaendelea kupita kwenye waya wako, kwa hiyo gari halijui kilichotokea.
3. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, geuza kitufe hadi 10A ya DC.
4. Ncha nyeusi iende kwenye tamina ya betri, nyekundu kwenye kebo. Zibane zisicheze.
5. Usiondoe waya wa klipu bado.

Sababu ya waya huo ni hii: mara tu gari linapopata umeme upya au mlango unapofunguliwa, hunywa ampea kadhaa kwa ghafla. Waya unabeba mshtuko huo badala ya mita. Mita za bei ndogo mara nyingi hazina fyuzi kabisa upande wa 10A, na zikizidiwa huungua.

Usijaribu kuwasha gari likiwa katika hali hii. Stata huvuta zaidi ya ampea mia moja, na itayeyusha waya na mita kwa pamoja.

## Hatua ya 4: Lilaze gari

Funga kwa rimoti kama unavyofunga kila siku. Kama ni ufunguo wa kutambuliwa ukiwa mfukoni, upeleke ndani ya nyumba, mbali na gari. Ukibaki nao mfukoni, gari litaendelea kukusikia na halitalala.

Ngoja dakika 30. Kwa magari mengi ya Kijapani inatosha. Kwa ya Ulaya yenye kompyuta nyingi, toa saa nzima. Usifungue mlango, usichungulie, usibonyeze rimoti. Kunywa chai.

Kisha ondoa waya wa klipu taratibu, ncha za mita zikiwa zimeshika vizuri. Mita sasa inabeba kila kitu.

Gari zuri hushuka kwa ngazi likielekea usingizini. Dakika za kwanza lingesoma ampea 3 au zaidi. Baadaye kidogo 0.6. Kisha namba inakaa, inakaa, na ghafla inaanguka hadi 0.03 na kutulia. Huo mwanguko wa mwisho ndio usingizi.

## Hatua ya 5: Soma namba

- Chini ya 0.05: gari liko sawa. Hicho ni chakula cha saa, kumbukumbu ya redio na kipokezi cha rimoti.
- Kati ya 0.05 na 0.1: yawezekana ni alamu na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) zilizoongezwa. Gari linaloendeshwa kila siku halitasumbuka. Litakalokaa wiki tatu litasumbuka.
- Zaidi ya 0.1 baada ya saa nzima: umempata. Kuna kitu kinakula.

Piga hesabu ili ujue kama namba hiyo inalingana na malalamiko yako. Betri ndogo ya NS40 ina takriban ampea-saa 35. Kitu kinachovuta 0.4 kuanzia Ijumaa saa moja jioni hadi Jumatatu saa moja asubuhi, ambazo ni saa 60, kitakula ampea-saa 24. Theluthi mbili za betri zimekwenda. Kinachovuta 0.03 kwa muda ule ule hakifikishi hata ampea-saa 2.

Ukisoma 0.03 na bado betri yako hufa, nenda moja kwa moja hadi mwisho wa Hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Fuata umeme bila kuchomoa fyuzi

Fyuzi ni kizuizi kidogo. Umeme ukipita ndani yake huacha tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake mbili. Tunaweza kuipima hiyo huku fyuzi imekaa mahali pake na gari limelala.

Rudisha waya wa klipu, ondoa ncha za mita. Hamisha waya mwekundu wa mita kutoka tundu la 10A hadi tundu la volti. Narudia kwa sababu hili huunguza mita kila siku: ukiusahau kwenye 10A ukagusa betri au fyuzi, mita imegeuka kuwa waya mtupu na umepiga shoti.

Weka mita kwenye 200m. Juu ya mgongo wa kila fyuzi kuna vijishimo viwili vyenye chuma. Gusa kimoja kwa ncha moja, cha pili kwa nyingine.

- 0.0 maana yake hakuna umeme wa kuhesabika unaopita. Nenda kwa inayofuata.
- Namba yoyote inayokaa, hata 0.5, maana yake hapa kuna mtu anakula. Iandike.

Kwa makadirio, fyuzi nyekundu ya ampea 10 ikisoma 0.7 hivi inapitisha karibu ampea 0.1. Ya manjano ya ampea 20 husoma karibu nusu ya hapo kwa umeme ule ule, kwa kuwa ni nene zaidi.

Anza na sanduku la chini ya boneti. Ukikuta fyuzi kubwa inayoonyesha namba kwenye mita, huenda ndiyo inayolisha sanduku la ndani ya gari. Ingia ndani uendelee kufuata hadi ufike kwenye tawi la mwisho. Ni kama kufuata bomba linalovuja kutoka kwenye mita ya maji hadi kwenye mfereji wenyewe.

Magari yetu mengi yametoka Japani yametumika, na kifuniko cha fyuzi kimeandikwa Kijapani. Kipige picha na programu ya tafsiri ya simu itakusomea. Piga pia picha ya fyuzi zote zikiwa mahali pake kabla hujagusa yoyote.

## Hatua ya 7: Thibitisha, kisha tafuta kifaa chenyewe

Rudisha mita kwenye 10A kama Hatua ya 3, acha gari lilale, ondoa waya wa klipu. Sasa ndipo unachomoa fyuzi ile moja tu. Namba ikianguka hadi 0.03, tawi ni hilo. Usiirudishe kwanza, kwani utaliamsha gari.

Lakini fyuzi ni barabara tu. Moja inaweza kulisha vitu vitano. Soma kifuniko: taa ya ndani, redio, saa, soketi ya uchunguzi. Rudisha waya wa klipu, kisha fyuzi, uvichomoe vifaa hivyo kimoja kimoja, ukiliacha gari lilale na kupima baada ya kila kimoja.

Shemeji yangu wa Donholm alikuwa amenunua betri mbili kwa Vitz yake ndani ya miezi minne. Tulisoma 0.40. Fyuzi ya ampea 15 inayolisha redio na taa ya ndani ilionyesha milivolti 1.7. Nikamuuliza kama redio huzimika anapotoa ufunguo. Akasema hapana, yeye huizima kwa kitufe kila jioni, tangu siku alipowekewa skrini mpya.

Tulivuta redio nje. Nyuma yake, waya wa manjano na mwekundu ulikuwa umesokotwa pamoja chini ya tepu moja. Wa manjano ni wa umeme wa kudumu, wa kuhifadhi kumbukumbu. Mwekundu ndio unaoiambia redio kwamba ufunguo umewashwa. Aliyeifunga aliziunganisha ili kuokoa dakika chache, na redio ikaamini gari linaendeshwa usiku na mchana. Skrini ilikuwa nyeusi, kompyuta ndani inafanya kazi. Tulizitenganisha, mwekundu ukapelekwa kwenye waya unaotii ufunguo, tukangoja. 0.03.

Kama umewekewa redio ya skrini kubwa na tatizo likaanza mwezi ule ule, anzia hapo.

## Hatua ya 8: Fyuzi zote ziko kimya lakini mita inasoma

Hapa ndipo watu husema gari lina pepo. Kuna njia tatu ambazo umeme hupita bila kugusa fyuzi ulizopima.

Nyaya zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri. Traka, alamu, amplifaya ya muziki, honi ya ziada. Angalia tamina ya chanya: kila waya mwembamba ambao si wa kiwandani ufuate hadi mwisho wake. Traka nzuri hulala gari likilala. Mbovu hutafuta mtandao usiku kucha, hasa kwenye maegesho ya chini ya jengo. Ikiwa gari liko kwenye mkopo, usiikate traka. Andika namba ulizosoma, wapigie walioifunga na udai waje waipime mbele yako.

Alteneta. Fungua hasi ya betri kabisa, ondoa waya mnene nyuma ya alteneta, ufunge ncha yake kwa tepu isiguse chuma chochote. Unganisha upya na upime. Namba ikianguka, diodi zimekufa na alteneta iende kwa fundi wa kuifungua. Usiwashe gari waya huo ukiwa umetolewa.

Kebo iliyokwaruzwa. Kebo nene ya stata ikisuguana na bodi, au soketi ya taa ya nyuma ikiwa imeingia maji, huvujisha kidogo kidogo. Tafuta kutu ya kijani na plastiki iliyobabuka.

Halafu kuna ule wizi wa kuja na kuondoka, ambao haupatikani Jumapili asubuhi. Pima volti za betri jioni na asubuhi kwa wiki moja, uandike. Usiku unaoshuka kutoka 12.6 hadi 12.2 una kitu tofauti: labda mvua ilinyesha, labda ufunguo ulilala karibu na gari, labda buti halikufungwa vizuri. Ukiwa na fyuzi unayoishuku, ichomoe usiku mmoja na uiache usiku unaofuata, ulinganishe.

## Hatua ya 9: Tengeneza na uhakikishe

Rekebisha kifaa chenyewe. Kuacha fyuzi nje ni sawa kwa siku mbili tatu tu, na uwe unajua kingine kilichozimika nayo. Swichi ya kukata betri inaweza kukuvusha hadi mshahara, ila kila jioni utapoteza saa na kumbukumbu, na alamu haitakulinda.

Ukimaliza, rudia Hatua ya 3 hadi ya 5. Namba lazima itulie chini ya 0.05, au karibu na hapo ukiwa na traka. Rudisha waya wa klipu, ondoa mita, kaza kebo ya hasi, ndipo uondoe waya huo.

Kisha chaji betri ijae tena, kwa sababu yote uliyofanya yameinyonya. Pima jioni ya kwanza, paki gari, usiliguse kwa siku mbili. Jioni ya tatu fungua boneti, weka ncha za mita kwenye tamina. Ukisoma 12.5 au zaidi, funga boneti na urudi ndani.